Makopo Yasiyo na Maandishi

Ipo Jumapili moja ambayo hadi leo naiona kama ya juzi. Mwanangu, nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nitakwama njiani. Umeanza kazi ya ufundi gereji wiki iliyopita, na jana nilikuona ukirudi. Mama yako alikuuliza kazi ikoje, ukajibu "nzuri," ukaingia ndani. Kunyamaza kwa namna hiyo nakujua. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nako, na nusura kumuue bibi yangu.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Magomeni, nyumba ya vyumba sita, vitatu vyetu na vitatu vya wapangaji wengine, uwani tukitumia wote. Baba alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Cherehani yake ilikaa barazani kwa Mzee Aboud, Mwarabu mmoja wa makamo ya babu yangu aliyeuza bolti, nati na spana. Nyuma ya duka, ndani ya bohari, kulikuwa na landrova bovu. Lilikuwa limekaa pale miaka mingi, magurudumu hayana upepo, paka wanazalia kwenye viti. Wanawe Mzee Aboud walipotaka nafasi ile waweke mzigo, mzee akamwita baba pembeni.

"Ramadhani, lichukue wewe. Nikimpa muuza vyuma chakavu atalikata mbele ya macho yangu."

Baba alikubali siku ileile, na sababu yake ilikuwa moja tu: Bibi. Bibi ni mama yake baba, tulikuwa tunakaa naye kwa ajili ya miguu yake. Mdogo wake wa pekee, Bibi Siwema, alikuwa kijijini kwao Rufiji, ndani sana, ambako basi halifiki. Ukishuka barabara kuu, mbele ni mchanga, na masika ikianza ni tope tupu. Ndugu wale wawili walikuwa hawajaonana miaka tisa. Tena tulikuwa tumeletewa habari kwamba macho ya Bibi Siwema yanafifia. Baba akasema, "Tutalifufua gari wenyewe. Kabla ya masika, mama atakuwa amekaa na mdogo wake."

Tulilisukuma kutoka Kariakoo hadi Magomeni kwa mikono, baba, mimi, na wabeba mizigo wanne. Kushuka bonde la Jangwani tulilishikilia kwa kamba kwa nyuma, kupanda upande wa pili tukalisukuma mpaka magoti yakatetemeka. Tulipofika mtaani kwetu jirani mmoja akapiga kelele, "Baba Zuhura, umenunua gari au banda la kuku?"

Baba akafuta jasho. "Kuku tunao tayari. Gari linakuja."

Fedha ya kulipeleka gereji haikuwapo, kwa hiyo kila Jumapili alikuja Fundi Mshamu, rafiki yake baba, kutuelekeza. Fundi Mshamu alikuwa mzee na mnene, chini ya gari haingii. Aliketi kwenye kigoda na kikombe chake cha kahawa, akawa anatoa amri. Mama na dada yangu Zuhura walisugua kutu kwa msasa. Baba alishona viti na turubai la juu. Mimi nilifungua bolti, na kazi ya kuzitunza ikawa yangu.

"Kila unachokifungua kina kopo lake," Fundi Mshamu aliniambia. "Na kila kopo liandikwe. Kimetoka wapi, upande gani. Umenielewa, Hamisi?"

"Nimekuelewa, fundi."

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, katika neno lile moja. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na kuandika kwangu kulikuwa kwa tabu, herufi moja, napumzika, herufi nyingine. Zuhura alikuwa sekondari, anaandika kama anayekimbizwa. Ningeweza kumwomba. Ningeweza kumwambia fundi. Niliona haya. Nikayapanga makopo kwa mstari chini ya ukuta, ya maziwa na ya rangi, nikayakariri. La kwanza kutoka mlangoni, milango. La pili, bodi. La tatu, sanduku la usukani. Kila asubuhi niliyapitia kichwani kabla ya kunywa chai, na kila asubuhi nilijiona mwerevu.

Najua utasema siku hizi mtu anapiga picha kwa simu kabla ya kufungua. Kweli. Lakini na simu nayo haitoki mfukoni kama mwenyewe anaona haya kuitoa mbele ya wenzake.

Siku moja katikati ya wiki, mimi na baba tukiwa Kariakoo, mvua isiyo ya majira yake ikamwagika ghafla. Mama akaona makopo yanajaa maji. Akaogopa kutu, ile kutu aliyoisugua kwa mikono yake wiki tatu. Akaleta karai kubwa la kufulia, akamimina vyote humo, makopo yote, kisha akavimwagia mafuta ya taa vizame. Niliporudi alinipokea mlangoni akiwa na furaha.

"Hamisi, nimekuokolea vyuma vyako! Hakuna hata kimoja kilichoota kutu."

Nilitazama karai. Bolti za gari zima zilikuwa mle, kama dagaa.

"Umevichanganya, mama?"

"Kwani vilikuwa na alama? Mimi nimeona makopo tu."

Nikasema, "Ahsante, mama." Ningesema nini? Alifanya vile kwa mapenzi.

Jumapili ile niliyokutajia ikafika. Fundi Mshamu akataka bolti nne za kufungia sanduku la usukani kwenye chesisi. Chuma kile ndicho kinachopokea nguvu ya mikono ya dereva na kuipeleka kwenye magurudumu. Kikilegea, dereva anazungusha usukani na gari linakwenda linakotaka. Nilichagua kwenye karai bolti nne zilizofanana.

"Ndizo zenyewe?"

"Ndizo, fundi."

Nikaingia chini. Tatu zilishika vizuri. Ya nne ilikaza kidogo, halafu nikahisi kwenye spana inazunguka tu, haishiki kitu. Nilibaki nimelala pale natazama tumbo la gari.

"Vipi huko?" fundi akauliza.

"Imeshika."

Akaendelea na kahawa yake, maana aliniamini.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililonitesa. Injini iliwaka, mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mama na Zuhura walilipaka rangi ya kijani. Baba alifunga turubai lake, mshono umenyooka kama wa suti. Na Bibi, kila nilipopita, ananitania. "Mume wangu, siku ya safari ukae karibu nami. Nataka watu wa kwetu waone nimeolewa na fundi." Wote wanacheka. Mimi nacheka nao. Nilijiambia, bolti tatu zinatosha. Nilijiambia, nitasema kesho.

Safari ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bibi aliinuliwa akakalishwa kiti cha mbele, kavaa khanga mpya, mapajani kashika kikapu chenye sukari, sabuni na ndala za mdogo wake. Fundi Mshamu alikuja kutuaga akiwa amevaa kanzu nyeupe, kwa kuwa alikuwa na harusi. Majirani walitoka nje. Baba akaingia, akafunga mlango, akashika ufunguo.

Sijui miguu yangu ilinipelekaje. Nilijikuta nimesimama mbele ya gari, mikono yote miwili juu ya boneti.

"Hamisi, toka, tunachelewa."

"Baba, usiwashe."

"Kuna nini?"

Nikazidi kuikandamiza boneti. Watoto wakaanza kucheka, na yule jirani wa banda la kuku akasema, "Bwana harusi kaona wivu, bibi harusi anaondoka!" Watu wakaangua kicheko. Nilimwona Bibi kwenye kioo naye anacheka. Ndipo nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Bolti ya usukani! Moja haijashika. Nimejua tangu siku niliyoifunga."

Kicheko kilikatika. Fundi Mshamu aliweka kofia yake juu ya boneti, akalala chini, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe, akaingia chini ya gari. Tulisikia anavyohema. Alipotoka alikuwa na bolti mkononi. Spana hakuwa amechukua. Aliichomoa kwa vidole.

Akampa baba. Baba akaitazama ile bolti, akamtazama mama yake kwenye kiti cha mbele, akazunguka upande wa pili na kumfungulia mlango. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

"Niacheni kwanza," Bibi akasema. "Hamisi, njoo hapa." Siku hiyo hakuniita mume wake.

Nikaenda.

"Ulikuwa hujui kufunga bolti?"

"Najua, Bibi. Makopo sikuyaandika, mama akavichanganya bila kujua. Siwezi kuandika haraka."

"Nani alikwambia uandike haraka?"

Nilitafuta jibu, mwanangu. Mpaka leo sijalipata, maana hakuna aliyeniambia. Ile haraka niliitunga mwenyewe, nikaiogopa mwenyewe.

"Nimengoja miaka tisa," Bibi akasema. "Ungeniambia hujawa tayari, nisingeweza kungoja Jumapili nyingine?"

Fundi Mshamu alikuwa anakung'uta kanzu, haikung'utiki. "Kijana, mimi makopo yangu naandika, ingawa sisahau kitu. Naandika kwa sababu siku nikiumwa, mwingine ndiye atakayefunga. Maandishi yale hayakuwa yako. Yalikuwa ya mama yako. Angeyaona asingemimina."

Kisha akaenda harusini hivyohivyo, na vumbi lake mgongoni.

Masika ilikuwa imekaribia. Tulifungua tena kila kilichofungwa baada ya ile mvua. Mchana tulitandika mkeka uwani, karai katikati, nyumba nzima inachambua, hata Bibi, anapangusa bolti kwa kitambaa na kuzipanga kwa urefu. Zile tulizoshindwa kuzitambua nilizipeleka kwa Mzee Aboud. Zamani ningesimama pembeni ya duka nikingoja wateja waishe, na Kariakoo wateja hawaishi. Safari hii nilipaza sauti juu ya vichwa vya watu.

"Mzee Aboud, shikamoo! Sijui hizi ni za wapi!"

"Marahaba! Sema tena, mtaa wa pili hawajasikia!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hakuna aliyekufa. Mzee alizipanga bolti juu ya kaunta akanionyesha: hizi mbili urefu mmoja, unene mmoja, lakini hii uzi wake, ile mistari inayoizunguka, ni mpana na hii uzi wake wa karibukaribu, nati ya huyu haimwingii yule. "Nati ikikataa, usiilazimishe," akasema. "Rudi uniulize." Nilirudi mara nyingi. Mara ya sita alianza kunitilia kahawa.

Na makopo niliyaandika. Kila moja, kwa mkono wangu, kwenye vipande vya kitambaa alivyobakiza baba. Kopo la sanduku la usukani lilinichukua muda wa kuiva wali. Zuhura alinichungulia begani akaniuliza, "Kaka, unaandika kwa ulimi?" maana nilikuwa nimeutoa nje. Lakini alisoma nilichoandika bila kukwama, na hilo lilinitosha.

Tuliondoka wiki tatu baadaye, mawingu yamejaa. Mvua ilitukuta tumeshaacha barabara kuu, tukapita kwenye tope baba akishika usukani kwa mikono miwili nao ukimtii kila kona. Bibi Siwema alikuwa amekaa nje ya nyumba yake. Alisikia mlio wa gari, hakutuona. Bibi alishushwa, akamkaribia, na mdogo wake akampapasa uso, mabega, mikono.

"Mbona umekonda hivi?"

"Na wewe je?" Bibi akamjibu.

Wakashikana, wakalia, wakacheka, na jioni walikula sahani moja. Baba alikaa chini ya turubai lake akiwatazama. Baadaye akanisogelea, akaniwekea mkono begani. Ndiyo mara ya kwanza alinigusa tangu siku ya bolti.

Sasa, mwanangu, nikuambie ninachotaka ukishike. Kesho ukifika kazini, lile jambo unalolificha liseme asubuhi, kabla kazi haijafungwa. Sema "sijui," sema "nionyeshe tena." Watakucheka, na wacheke. Kicheko kinakwisha kabla ya chai ya saa nne. Kama wewe ni mzito wa kuandika au wa kushika mambo, uwe mzito hadharani, watu wakuone, wakungoje. Wanaokupenda wanaweza kungoja kuliko unavyodhani. Na kama umeshachelewa, umeshasema "imeshika" na haijashika, basi simama mbele ya gari hata kama ufunguo uko mkononi. Aibu ya pale ni kubwa, sikufichi. Mimi niliibeba nikaimaliza. Ile nyingine, kama ningemwacha baba awashe, nisingeimaliza.

Mungu akupe mikono mizuri na mafundi wenye subira. Akuondolee woga wa kuuliza. Na kila atakayepanda gari ulilolifunga wewe, afike salama anakokwenda, awakute watu wake wazima. Amina.