Mchezo Uliobaki Kichwani mwa Nazari

Miaka kumi na tisa Nazari alishona magunia ya kahawa kwenye ghala moja pale Mbinga, na karibu miaka yote hiyo alicheza sataranji na Placidi, mtu wa mizani, bila ubao wala kete. Placidi alifundishwa na padre mmoja, naye akamfundisha Nazari. Ubao waliuacha kwa sababu msimamizi hakupenda kuona watu wameketi. Mmoja akitaja kete na mraba inakokwenda, "Farasi, efu tatu," mwenzake hujibu huku sindano ikiendelea.

Vibarua walidhani ni uchawi. Nazari aliwaambia haoni picha yoyote. Anajua tu kete zilipo, kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake hata akifumba macho.

Mwaka 1994 wakaja wanunuzi binafsi, ghala likafungwa. Siku ya kuagana, mchezo ulikuwa haujaisha, na zamu ilikuwa ya Placidi. Akapanda lori kwenda kwao Chiwanda, hatua yake hakuitaja.

Nazari akarudi shambani Mkumbi. Akilima, kichwani mwake ngome ya Placidi iko di saba. Akiwa kanisani, iko palepale. Padre aliyemfundisha Placidi aliwahi kusimulia habari za bingwa mmoja aliyecheza na watu zaidi ya arobaini bila kutazama ubao, kisha akakosa usingizi siku tatu, michezo imegoma kumtoka kichwani. Nazari alikuwa na mchezo mmoja tu, na miezi saba imepita.

Mkewe, Getrude, alichoka kuongea na mtu asiyesikia. "Baba Hamphrey, nenda kaumalize."

Akasafiri siku mbili. Alimkuta Placidi anaanika usipa, dagaa wa ziwani, ufukweni. Hata salamu hazijaisha, akauliza, "Hatua yako ipi?"

"Hatua ya nini?"

"Mchezo wetu. Ngome yako iko di saba."

Placidi akamtazama. "Ndugu yangu, ule niliuacha getini. Sikumbuki hata nilikuwa na rangi gani."

Nazari akaketi mchangani. Alitaka kukasirika, akakosa nguvu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unashinda?" Placidi akauliza.

"Hapana. Nilikuwa nafungwa. Zilibaki hatua tatu tu."

"Miezi saba umebeba kushindwa kwako?"

"Basi nimefungwa," Nazari akasema, taratibu. "Nakubali."

Edina, mke wa Placidi, akamletea ugali wa muhogo. Alipomaliza kula, Placidi akamwomba waanze mchezo mwingine. Nazari akatikisa kichwa.

"Nipe kazi ya mikono."

Wakageuza usipa, safu kwa safu.