Mama Asiyeshikwa Mkono

Nisikilize vizuri, maana mimi si mtu wa kusimulia hadithi za kuchangamsha watu. Nina diploma ya umeme. Niliondoka kwetu Maretadu na begi moja, nikasoma Dar es Salaam huku nikibeba zege, nikafanya kazi viwandani, nikarudi na gari langu mwenyewe na kufungua duka la vifaa vya umeme pale Endasak. Nyumba nyingi unazoziona zinawaka ukipita ile barabara ya Katesh, waya wake nimevuta mimi. Mtu kama mimi anatafuta nini kwenye uongo? Haya yalitokea mchana, jua kali, ndani ya ukumbi wenye watu. Mke wangu yupo na mama yangu mzazi yupo. Waulize.

Karibu na Katesh walifungua makumbusho madogo ya sayansi kwa ajili ya watoto, ndani ya ghala la zamani la mahindi. Si makumbusho ya mikuki na vibuyu, yale ya kuangalia tu. Humo kila kitu kinaguswa, kinazungushwa, kinapulizwa. Niliposikia tu, nikasema wanangu lazima waende. Watoto wa fundi wasijue sayansi?

Basi Jumamosi moja tukajipakia. Baraka alikuwa darasa la pili, Neema alikuwa na miaka minne. Mke wangu akafunga chapati na chupa ya chai utafikiri tunakwenda Singida. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Maretadu, naye akasema haachwi nyumbani.

"Nitakueleza kila kitu, mama," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Hata nisipouliza."

Mke wangu alicheka kuanzia Endasak mpaka tunaegesha gari.

Ukumbi ulikuwa mzuri, usiambiwe. Kulikuwa na mifupa ya mtu ya plastiki, imesimama mizima, na Neema akaniuliza huyu mjomba alikuwa hali nini. Kulikuwa na vioo vinavyokurefusha na vingine vinavyokunenepesha. Mama yangu, ambaye ni mwembamba tangu namfahamu, alisimama mbele ya kile cha kunenepesha akajigeuza huku na huku. "Hiki mninunulie," akasema.

Halafu tukafika kwenye umeme. Hapo ndipo kwangu.

Mezani palikuwa na vibao viwili vya shaba, na katikati yake taa ndogo ya kijani. Mtu mmoja anaweka kiganja kwenye kibao cha kushoto, mwingine kwenye cha kulia, na waliobaki katikati wanashikana mikono. Umeme mdogo sana, usioweza kuumiza hata kifaranga, unapita mwilini mwa kila mmoja. Mikono yote ikishikana, taa inawaka. Mmoja akiachia, inazimika. Nilianza kuwaeleza watu hayo yote kabla mwalimu anayesimamia meza hajafungua mdomo. Alikuwa kijana mmoja kutoka Bukoba, amepangiwa kazi huku kwetu.

"Mzee, niachie na mimi kidogo," akasema. "Mwajiri wangu asije akakuona."

Watu wakacheka. Mimi sikujali. Tukashikana mikono, taa ikawaka, Baraka na Neema wakapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. Mwalimu akasema sasa ongezeni watu, hata msiowajua, ndiyo raha yake. Wakaingia wageni wawili watatu, taa ikawaka vilevile. Nikaanza kutafuta mwingine wa kumwongeza.

Ndipo nikamwona mama mmoja amesimama ukutani, karibu na mlango wa nyuma. Shuka jeusi begani, miguu peku, mikono ameifumbata kifuani. Watu waliopita pale walimzunguka bila kumwangalia, kama unavyozunguka dimbwi ukiwa na viatu vizuri.

"Huyo muache," mama yangu akaninong'oneza. "Amesimama kama mtu wa metimani."

Kama hukukulia kwetu, nikueleze. Zamani, na kwa wengine hata sasa, mwanamke akiharibikiwa mimba, au nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, anatengwa. Hashikani mkono na mtu, hali chombo kimoja na wengine, hachoti maji wanapochota wenzake. Anakaa hivyo mpaka muda uishe na mtu aje kumtoa. Hiyo ndiyo metimani. Mimi niliona ni kumwongezea mtu msiba juu ya msiba, na mpaka leo naona hivyo. Sijabadilisha mawazo.

"Mama, karibu!" nikamwita kwa sauti. "Njoo uongezeke hapa."

Akanitazama. "Baba, mimi sishikwi mkono."

"Hapa ni sayansi, mama. Hapa kila mtu anashikwa mkono!"

Baadhi ya watu wakanipigia makofi. Nikamwambia Neema, "Nenda kamlete bibi." Mwanangu ana adabu. Alimwendea, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo bibi." Yule mama akamwinamia. Halafu akasema, "Marahaba," taratibu sana, kama mtu anayeonja chakula ambacho hajakila siku nyingi. Neema akamshika mkono akaja naye.

Wale wageni wakatupisha, tukajipanga. Mimi kwenye kibao cha kushoto, kisha Baraka, mke wangu, Neema, yule mama, na mwalimu kwenye kibao cha kulia. Mama yangu alikataa, akakaa pembeni.

Taa haikuwaka.

"Ngozi kavu," nikasema mara moja, maana jambo hilo lipo, ngozi kavu inazuia umeme. Nikachukua maji ya kunywa, nikawalowanisha viganja wote. Haikuwaka. Mwalimu akaangalia nyaya chini ya meza. Ziko sawa. Yule mama akauondoa mkono wake. "Niliwaambia," akasema, akarudi ukutani.

Sawa. Mwalimu akasogea, akamshika Neema mkono moja kwa moja. Taa haikuwaka. Tukamtoa Neema, ikawaka. Tukamrudisha, ikazimika. Nikamweka peke yake, kiganja kimoja huku na kingine huku. Giza. Mwalimu akachukua kiazi mviringo kilichokuwa mezani kwa maonyesho mengine, akakiweka kati ya vibao viwili. Ikawaka! Niamini, kiazi kinawasha taa, mwanangu hawashi. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Nikaushika mkono wake. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni asubuhi. Mke wangu akainama amkumbatie, na Neema akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sishikwi mkono," akasema.

Alisema kwa adabu, bila kulia. Akamtazama mama yake kama unavyomtazama abiria mwenzako usiyemjua. Halafu akaenda kusimama ukutani pamoja na yule mwanamke, mikono ameifumbata vilevile.

Yule mwanamke akafungua mlango wa nyuma. Nje palikuwa na shamba la mahindi na, kwa mbali juu yake, mlima Hanang. "Huyu ameniamkia," akasema. "Sasa tuko wawili."

Mke wangu alipiga kelele ambayo bado naisikia. Alimkimbilia mtoto akamshika kiunoni kumnyanyua. Neema hakunyanyuka. Nikaongeza nguvu zangu, na mimi si mtu dhaifu, nimebeba zege. Hakunyanyuka. Ungedhani tunanyanyua gunia la maharage lililonyeshewa. Na bado yule mwanamke alikuwa anamvuta kwa kidole kimoja, na mtoto anatembea vizuri, mguu mbele ya mguu, kuelekea kwenye mahindi.

Aliyemsimamisha yule mwanamke ni mama yangu. Alimsalimia kwa Kiiraqw, lugha yetu, ile salamu ndefu ya wazee, akamuuliza yeye ni wa boma gani, ukoo gani, bonde lipi. Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo hawezi kuondoka bila kujibu. Yule mwanamke akasimama, akajibu kila kitu. Alitaja bonde letu, kule Maretadu. Alisema mtoto alimfia tumboni, akawekwa kwenye kibanda peke yake, akaambiwa maharage yakikomaa atakuja mtu kumtoa. "Yamekomaa mara nyingi," akasema. "Bado nangoja."

Mama yangu akanishika shati. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Boma analolitaja lilikuwa limeshageuka shamba kabla sijaolewa," akaniambia. "Walilijua bibi zangu. Huyu alifia humo ndani, mwanangu. Hakuna aliyekwenda kumtoa."

"Anatolewaje?"

"Mwanaume mwenye nyumba yake anamshika mikono yote miwili mbele ya watu, anamwambia imekwisha. Lakini huyu amekaa na metimani yake muda mrefu mno. Itakayomtoka itabaki kwa atakayemshika." Akaanza kuvua kitenge chake begani. "Acha niende mimi. Mimi nimeshazeeka."

"Wewe si mwenye nyumba, mama," nikamwambia. "Mwenye nyumba ni mimi."

Utaniuliza kama niliogopa. Nilikuwa na hasira zaidi kuliko woga. Kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii, na hakuna hata kimoja nilichopewa. Mtu aje amchukue mwanangu mbele yangu, nami nimesimama namweleza habari za ngozi kavu? Nikatoka nje, nikasimama mbele yao kwenye njia ya mahindini, nikamshika yule mwanamke mikono yote miwili.

Baridi ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Nilitamani kuachia, lakini sikuachia.

"Imekwisha," nikamwambia. "Umetoka. Nenda ukashike watu."

"Nani anasema?"

Nikamtajia jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu. Nikamwambia nina nyumba Endasak, ya matofali ya kuchoma, bati la rangi, bomba la maji uani, na akisikia kiu aje anywe kwa kikombe chetu chochote. Nilisema kwa sauti yangu yote. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, mwalimu mbele yao.

Yule mwanamke aliiangalia mikono yake ndani ya yangu. Unajua alichoniomba?

"Ile taa," akasema. "Nataka kuiona ikiwaka."

Tukarudi ndani. Mwalimu alitupisha. Safari hii mama yangu aliweka kiganja kwenye kibao cha kushoto. Akafuata Baraka, mke wangu, Neema, mimi, kisha yule mwanamke, naye akaweka kiganja chake mwenyewe kwenye kibao cha kulia. Nilimshika kwa mkono wangu wa kulia. Neema nilikuwa nimemshika kwa wa kushoto.

Taa ikawaka.

Ule mwanga wa kijani ulimpiga usoni, na yule mwanamke akacheka. Alikuwa msichana tu, nakuambia. Kule ukutani nilimdhania mtu mzima, kumbe hata miaka ishirini labda hakufika. Alicheka, akamgeukia Neema aone kama na yeye anacheka. Na Neema alikuwa anacheka. Mkono wake ndani ya wangu ulikuwa wa moto kama kawaida ya watoto.

Nilipogeuka tena, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika hewa. Kwenye kibao hapakuwa na kiganja cha mtu. Na taa bado inawaka! Ilikaa hivyo kidogo, kisha ikazimika.

"Mama," Neema akasema, "chapati ziko wapi?"

Mke wangu akakaa chini sakafuni, akalia.

Sasa, yaliyobaki. Mwalimu alisema ni waya uliolegea, na ndivyo anavyosema mpaka leo, ila ule mlango wa nyuma aliupigia misumari mwenyewe jioni ileile. Mama yangu alirudi Maretadu, akaenda mpaka kwenye lile shamba, akaacha kikombe cha maziwa. Sikumuuliza zaidi.

Na mimi? Wiki iliyofuata nilikuwa Dirma, nafunga umeme kwa mteja. Nikaingiza testa kwenye soketi, ile bisibisi yenye taa ndani, ambayo inawaka kwa sababu umeme unapita kwenye mwili wako. Haikuwaka. Nikadhani hakuna umeme. Bahati nzuri nilimpa mwenye nyumba aishike yeye, ikawaka mara moja. Tangu siku hiyo, katika mkono wangu wa kulia hakuna testa iliyowahi kuwaka. Simu nayo haisikii vidole vya mkono huo hata kimoja. Naandika kwa kushoto. Usiniulize kama nimejaribu kushika waya mtupu. Fundi mwenye diploma hafanyi mambo ya kijinga. Nilinunua mita nzuri ya kupimia umeme, natumia hiyo, na kazi zangu hazina kasoro.

Mkono ni baridi mchana na usiku. Mtoto akipata homa, mke wangu hatafuti tena kitambaa cha maji. Ananiita mimi nimshike paji la uso. Wageni wanaonisalimia wanashtuka, wengine wanajifuta mkono kwenye suruali wakidhani sioni. Naona. Nimewaambia wote: mwanangu anakimbia uani, mnataka nijutie nini?

Yale makumbusho yapo, na nakushauri uwapeleke watoto; watajifunza mengi kuliko kukaa kwenye televisheni. Ila ukifika pale kwenye umeme, angalia ukutani. Ukiona mtu amesimama peke yake na watu wanamzunguka, na moyo ukakutuma umwite, mwite. Lakini nakuonya, usimtume mtoto akamlete. Nenda mwenyewe, na uende ukijua kwamba mkono utakaompa hautarudi ulivyokuwa.