Siku Nilipoitwa Ekselenti

Maganda ya kahawa yakianza kuchacha hutoa harufu kali yenye utamu ndani yake, kama togwa iliyosahaulika jikoni. Kila nikiinusa, ndugu msomaji, narudi kijijini kwetu Nkoaranga, mlimani, enzi za Mwingereza, nikiwa binti wa darasa la nne, miguu imejaa vumbi jekundu na kichwa kimejaa kujiamini.

Msimu mmoja wa kahawa alikuja mkaguzi wa shule, mama wa Kizungu mwenye viatu vizito. Aliandika hesabu ubaoni, akaniita. Nilipoimaliza alisema, "Ekselenti," nami nikarudi kukaa. Njiani kwenda nyumbani tulibishana sana juu ya neno lile. Rafiki yangu Elinipa aliapa kwamba maana yake ni "kaa chini", kwani si nilikaa?

Baba hakupenda jambo lisiloeleweka. Jumapili, baada ya ibada, alinipeleka kwa mwalimu wetu. Nilitoa shikamoo, nikasimama nyuma ya baba. Mwalimu alieleza kwamba ni sifa ya aliyefanya vizuri kupita wote. Waingereza walilipata neno hilo kutoka Kilatini, na huko lilikotoka lilimaanisha kuinuka juu ya wenzako. Nilivimba kama andazi. Mwalimu akaongeza kwamba kwa akili zile, ningefaa kwenda shule ya bweni ya wasichana, upande wa Moshi. Baba alishukuru, akavaa kofia yake, tukaondoka.

Jioni, tukikoboa kahawa, alimwambia mama kwamba siendi. Mti mrefu ndio upigwao na upepo, alisema, na binti aliyewazidi wenzake ataishi na nani?

Mama aliendelea kumimina kahawa mbichi kwenye mashine. Kisha akasema taratibu, "Baba Naomi, mlima huu umetuzidi sote. Mbona maji yake tunakunywa?"

Baba aliendelea kuzungusha mpini wa mashine. Lakini baada ya mavuno alirudi kutoka mjini na sanduku la bati, akaliweka karibu na kitanda changu.

Alilibeba mwenyewe begani, tukateremka mteremko wote hadi barabarani, tukapanda basi. Kwenye lango la shule alinitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu walivyobariki, akageuka akaenda zake. Hakutazama nyuma hata kidogo. Nilidhani bado ana hasira, na kwa uchungu huo nilisoma mpaka nikawashinda wote.

Miaka mingi baadaye nilimsindikiza binti yangu chuoni. Nilimkumbatia, nikageuka upesi asinione uso. Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Siku ile kwa mwalimu, mimi nilisikia sifa tu. Yeye alilisikia neno zima: anayeinuka, huondoka.