Nilimwambia mama kwamba mtoto wake hayumo, kumbe mashine ya Bunia ilikuwa haijibu

Admin, tafadhali ficha jina langu na la ofisi yetu, maana hapa Kisangani watu tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 29, sijaolewa, naishi na wadogo zangu wawili ambao wananitegemea tangu wazazi wetu wafariki. Nafanya kazi ya kompyuta katika ofisi inayosaidia familia zilizotawanywa na vita kutafutana. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha.

Kazi yetu iko hivi. Watu wakikimbia vita, wanaandikishwa kule walikofikia, na majina yanawekwa kwenye seva. Tuna seva tatu katika miji mitatu, na moja iko kwetu. Ukiandika jina hapa Kisangani, mashine yetu inaziuliza zile mbili, kisha inakuletea majibu yote pamoja. Mtu aliyeandikishwa Bunia anaonekana hapa hapa.

Mwaka huu programu ya kutafutia ilipata toleo jipya kabisa, na mipangilio ya zamani haikukubalika tena. Chef wangu, yaani mkuu wa ofisi, alinipa mimi kazi ya kuipanga upya. Aliniambia, "Soma mwongozo yote mbele ya kugusa kitu." Nilisoma nusu. Nilipoiwasha, ikagoma: ikaandika kwamba mashine ya Bunia haijibu. Nikahangaika tangu asubuhi mpaka mchana. Ndipo nikaona kuna mahali unaweza kuiambia ilete majibu iliyoyapata bila kulalamika juu ya mashine isiyojibu. Nikaiweka hivyo. Onyo likapotea. Nikajaribu jina moja ninalolijua la hapa mjini, likatoka. Chef akapita, akauliza, "Alors, imeisha?" Nikamjibu, "Imeisha yote, chef." Akanisifu mbele ya wenzangu, na mimi nikatabasamu. Nilijiambia ya Bunia nitaitazama kesho. Sikuitazama.

Jumatatu iliyofuata akaja Mama Kavira, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Kivu ya Kaskazini. Alikuwa amemwacha binti yake wa miaka kumi na tatu kijijini kwa bibi yake. Vita vilipofika huko walikimbia, simu zikakatika. Nikaandika jina la mtoto. Hakuna. Nikaandika la bibi. Hakuna. Akarudi baada ya wiki mbili, akarudi tena mara ya tatu. Siku hiyo alishika ukingo wa meza yangu akasema, "Mutoto yangu, angalia tena polepole. Pengine waliandika jina mubaya." Nikaandika kwa namna nne tofauti. Nikamwambia, "Mama, hakuna. Kama angekuwa mahali fulani, mashine ingemuona." Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu huu.

Ndugu zake wakaamua waweke matanga. Nilienda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikala pondu, mboga ya majani ya muhogo, ya watu waliokuwa wanamlilia mtoto aliye hai.

Siku chache baadaye mwenzetu wa Bunia alipiga simu kwa jambo lingine, kisha akauliza, "Dada, kuko nini kwenu? Sasa mwezi muzima Kisangani haijatuuliza hata jina moja." Nikafungua faili la mipangilio. Anwani ya Bunia ilikuwa imeandikwa kwa mtindo wa zamani, ambao toleo jipya halisomi. Ulikuwa mstari mmoja tu. Nikaurekebisha, nikaandika jina la binti wa Mama Kavira. Akatokea mara moja, yeye na bibi yake. Walikuwa wameandikishwa kabla mama yake hajaja kwangu mara ya kwanza.

Nilikimbia mpaka sokoni. Nilimkuta amevaa nguo nyeusi. Nikamwambia, "Mama, jina limeingia leo." Leo! Akaangukia magunia yake akilia na kucheka. Akaenda Bunia akarudi na binti, lakini bibi hakumkuta. Alikuwa mgonjwa, na walimzika siku tisa kabla mama hajafika. Yule binti, ambaye bibi yake humwita koko, alinieleza mwenyewe, bila ubaya wowote: "Koko alikuwa anauliza kila siku kama Kisangani wameona jina yetu."

Ndugu zangu, hayaishii hapo. Seva huweka kumbukumbu ya kila jina lililotafutwa. Nimeyarudia yote ya mwezi ule, kwa siri, wenzangu wakiwa wameenda kula. Wapo wengine waliojibiwa "hakuna", na watu wao wapo. Wenye simu nimewapigia na uongo ule ule: jina limeingia leo. Ila wengine hawakuacha namba. Kuna mama wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kuna papa aliyetoka Opala kwa pirogi, yaani mtumbwi, kumtafuta mdogo wake, akarudi kwao mikono mitupu. Ili kuwapata lazima majina yasomwe redioni na makanisani, na barua ya kuomba hivyo anaisaini chef. Ataniuliza kwa nini majina haya yote yametokea kwa pamoja. Nikisema ukweli, kazi imekwisha, na wadogo zangu watakula nini? Nikinyamaza, kuna watu huko wanaweka matanga kwa ajili ya ndugu waliosalimika.

Na jana Mama Kavira alikuja ofisini na binti yake. Anataka niwe marraine, yaani msimamizi, wa mtoto kwenye kipaimara, Jumapili ijayo. Alisema mbele ya chef, "Bila wewe ningemuzika huyu mutoto katika roho yangu." Chef akapiga makofi. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mnaosoma hapa, mnitukane kama mnataka, nimestahili. Lakini niambieni: nianze kwa chef au kwa huyu mama? Na yule binti aliyemuona koko yake akifa akisubiri, nitamtazama vipi usoni hiyo Jumapili nikiwa nimemshika bega?