Aliyevaa Badala ya Kuvua

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe hapa Likasi, nikiwa nimekunywa bia moja tu, tena ya moto.

Rafiki yangu Trésor, fundi wa mitambo kule Panda, alikuwa anamwoa Solange Jumamosi, na mimi ndiye shahidi wake. Alhamisi jioni vijana wa kazini wakang'ang'ania tumfanyie sherehe ya kuaga ukapera. Ukapera gani, nauliza? Mtu alikwishaoa, na mkewe Béa tulimzika msimu wa mvua uliopita! Jeneza lake nililibeba kwa bega hili. Lakini nani angenisikiliza? Mji mzima ulikuwa unasifia klabu moja mpya karibu na soko: wanawake wanavua mpaka basi, kama Ulaya.

Kama Ulaya! Viti vya plastiki, jenereta inayokohoa, taa moja nyekundu, na mlinzi anayekupekua kana kwamba umeiba shaba. Tulikaa hadi makalio yakafa ganzi. Hasira zilikuwa zimenifika kooni. Mara taa ikazima, ikawaka, na jukwaani akawa amesimama mwanamke mwenye shanga kiunoni na kitambaa kifuani, ametupa mgongo. Meza yetu ikalipuka: "Toa! Toa!"

Niamini, hakutoa. Taa ilipozima tena na kurudi, alikuwa amejifunga kitenge. Ikazima, ikawaka: blauzi. Ikazima, ikawaka: kilemba. Sisi tunapiga meza tukidai nguo zitoke, yeye anaongeza! Umewahi kuona dharau ya namna hiyo? Nikainuka nikamkaripie mwenye klabu. Hapo ndipo alipovaa glavu nyeupe, taratibu, kidole kwa kidole, zile tunazowavalisha maiti. Akageuka. Alikuwa Béa.

Alishuka hadi kwa Trésor, akainama. "Trésor, bibi yako njo minye." Hakupaza sauti, lakini meza nzima tulisikia: mkewe ni yeye. Giza likaingia, na taa iliporudi hakuwepo.

Mwenye klabu akatokea anapangusa jasho. "Mutusamehe, bapatron. Danseuse hayafika, motokari yake iliharibika mu njia ya Lubumbashi. Show bado kuanza."

Nikamkamata kola. Mchezaji hajafika, bado kuanza vipi? Na huyu aliyekuwa anavaa? Watu wa meza za jirani wakanitazama kama mlevi. Wao walikuwa wakizomea jukwaa tupu tangu jioni.

Nje, Trésor akasema ukweli, na ukweli wake ukaniudhi kuliko klabu yote. Kwetu mfiwa haoi tena kabla ukoo wa marehemu haujamfungua. Wanakaa naye, wanalia pamoja, wanazungumza na aliyekwenda, wanamfunga ushanga mweupe mkononi, basi, anakuwa huru. Trésor hakuwa amekwenda kwa wakwe zake.

"Ile ni mambo ya bankambo," akanijibu. "Tena batalomba mbuzi."

Eti mambo ya mababu, eti wataomba mbuzi! Yaani Solange aingizwe nyumba yenye mwenyewe, kwa sababu ya mbuzi? Asubuhi nilimburuta hadi Buluo, kwa mama yake Béa. Nilijiandaa kwa matusi. Mama alitandika mkeka, akafungua kitambaa chenye ule ushanga.

"Mbuzi ya nini, mwana yangu? Tulikuwa tunangoja ukuye tu, ukae chini, ulie na siye."

Akakaa. Mama akalia, mashangazi wakalia, hata mimi nikalia. Jua likazunguka nyumba. Trésor hakutoa chozi hata moja. Mwisho mama akaurudisha ushanga kwenye kitambaa. "Siye hatuwezi kukufungula. Mwenye anakushika haiko siye."

Kama anayemshika si wao, basi ni Béa. Harusi haijafungwa mpaka leo. Kila Jumapili Trésor anakwenda Buluo, anakaa mkekani, anajaribu. Anasema ndani ya kifua chake kuna kitu kigumu kisichosogea. Watu wananiuliza kwa nini bado namkasirikia mtu aliye katika hali hiyo. Nimkasirikie nani mwingine?

Jumapili iliyopita Solange alimsindikiza. Aliketi kando ya yule mama, wakashikana, wakamlilia Béa hadi sauti zikakauka. Trésor alibaki anatazama viatu vyake. Basi wewe uliyefiwa, usikimbilie kuoa, wala usikubali kupelekwa kutazama wanaovua. Lia kwanza, wakati machozi bado yapo.