Leo Rukia kaniamkia shikamoo

Leo Rukia kaniamkia shikamoo. Mimi!

Ndiyo, Rukia huyo huyo mnayemsikia redioni kutwa. Mimi ndiye prodyuza wake wa kwanza, nimemzidi miaka miwili tu.

Miaka sita tumerekodi chumbani kwangu hapa Raskazone, godoro tumeliegemeza ukutani kuzuia mwangwi. Alikuwa ananiita "we Mbwana" huku ananinyang'anya mihogo.

Leo mchana nikasikia yuko Tanga, kaja harusi ya binamu yake. Nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa (leo Jumamosi, msinicheke), nikaenda huko harusini.

Nikamkuta anashuka garini na watu wake wa Dar.

Akaniona. Akawatazama wenzake kwanza.

"Shikamoo, kaka."

Na mimi mjinga nikaitikia! "Marahaba." Kama mzee wa mtaa.

Wakaingia ndani. Hakuna aliyeniambia karibu. Nikarudi kwa miguu.

Sasa, ile sauti ya kike inayosema "Mbwana, achia!" mwanzo wa kila wimbo ninaotengeneza ni ya Rukia. Tuliirekodi zamani, kwa utani. Wasanii wangu wapya wananiomba niitoe, eti watu wanadhani nyimbo ni zake.

Nimefika nyumbani na hasira zangu, nimefungua kompyuta niifute.

Nikasema ngoja niisikilize mara ya mwisho.

Jua limezama, bado naisikiliza.

Nyie mngeifuta? Semeni kweli. Maana humo tu ndimo bado ananiita kwa jina langu.