Maji Yasiyowekwa Chini

Nikiwa msichana mdogo, miaka ya tisini, kila mtu kwetu Ndhiwa alijua kwamba maji ya kilimani hayawekwi chini. Ukienda kuhiji kwenye kilima kitakatifu upande wa Migori, ukachota chemchemini na kasisi akayabariki, unayabeba kichwani au unayapakata mpaka nyumbani. Yakigusa ardhi njiani, baraka imekwisha, umebaki na maji ya mto tu. Nani alitunga sheria hiyo sijui, maana kwenye Biblia sijaiona, lakini watu wazima walilala wamekumbatia jerikeni na hakuna aliyecheka.

Mwaka niliokwenda mimi, mama alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajatambaa. Nyanya yangu, ambaye kwa Kijaluo tunamwita dani, aliapa kumletea maji hayo ayanywe kabla ya uchungu kumshika. Mimi nilichukuliwa nibebe mishumaa na blanketi. Tulitembea miguu mitupu, rozari shingoni, tukiimba mpaka sauti zikakauka, na kwa kweli nilichopenda zaidi ni viazi vitamu tulivyopewa na wenyeji.

Kurudi tulipitia Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Jua lilikuwa kali, na wenzetu walikuwa wametutangulia kwa sababu magoti ya dani yalikuwa na mambo yao. Penye daraja dogo mwanamke alitujia mbio, mikono imejaa tope, amebeba mtoto aliyelegea.

"Mama, nisaidie, mtoto ameanguka kwa jua," alisema kwa Kiswahili. Alikuwa Mkuria kutoka Kehancha, Kijaluo hakujua.

"Maji hakuna?" dani akamuuliza.

"Iko ya kuosha dhahabu tu. Hiyo iko na dawa, hawezi kunywa."

Nilinyoosha mikono nipokee jerikeni, lakini dani alijua itanishinda. Alitazama barabara, ilikuwa tupu. Kisha akaishusha kichwani na kuiweka chini, kwenye vumbi. Akampakata mtoto, akamnywesha kidogo kidogo kwa kiganja, akamlowesha kichwa na kifua, mpaka akafumbua macho na kulia. Nilifurahi, na papo hapo nikamkasirikia mtoto yule, kwa sababu nilikuwa namfikiria mama.

Dani aliitwika tena jerikeni, tukaendelea na safari. Nilidhani hatutamwambia mama, kwani nani angejua? Lakini tulipofika, kabla hata ya kuketi, alimwambia mama, "Nyathina, mwanangu, maji niliyaweka chini. Mimi mwenyewe. Kulikuwa na mtoto wa watu anakufa."

Mama alilishika tumbo lake.

"Alipona?"

"Alilia, akaomba uji."

"Basi nipe," mama akasema, akanywa kikombe kizima.

Dada yangu Atieno alizaliwa wiki ile ile. Alitambaa, akatembea, akawa msumbufu kama watoto wengine. Wengine kwetu husema ni maji, wengine husema ni muuguzi wa zahanati. Mimi siwezi kuamua, na siku hizi sijaribu.

Dani aliendelea kwenda kilimani kila mwaka mpaka magoti yalipomkatalia kabisa. Kila alipofika kwenye lile daraja aliweka jerikeni chini makusudi, akauliza kama kuna mwenye kiu, ndipo akaendelea. Waliokuwa naye walimwiga, kwanza kwa kumheshimu tu.

Mwaka jana nilifuatana na Atieno. Penye daraja mahujaji wote walisimama, wakashusha jerikeni zao na kuziweka kwenye vumbi. Kijana mmoja akamuuliza mama yake kwa nini.

"Ni sheria," akajibiwa. "Usipoyaweka hapa, baraka haifiki nyumbani."

Dani ni marehemu miaka mingi sasa, na hakuna aliyemtaja. Nilimkumbuka. Nikaishusha jerikeni yangu, nikaiweka chini pamoja na zao, nikauliza kama kuna mwenye kiu.